Minji ni Kiswahili

Nianze na msimamo wangu ndio tusipotezeane wakati: minji ni neno la Kiswahili. Sio Sheng, sio "lugha ya soko", sio kosa linalongoja kalamu nyekundu. Ni Kiswahili jinsi njegere ilivyo Kiswahili. Mtu akikuambia usiseme minji, sema njegere, muulize mara ya mwisho alinunua njegere wapi hapa Nairobi, na mama mboga alimwangalia vipi.

Najua wako watakaosema nimekosa kazi. Nchi ina mambo, na wewe umekaa chini kuandika kurasa nzima juu ya minji? Sawa. Lakini nimechoka na hiyo kalamu, na mkinivumilia nitaeleza kwa nini hii si habari ya punje za kijani peke yake.

Mpwa wangu yuko darasa la sita katika shule moja huku Eastlands, jina lake tuliache. Mwaka jana aliandika insha kuhusu siku aliyomsaidia mama yake jikoni. Akaandika kwamba walipika mchele na minji. Insha ikarudi. Mchele umekatwa, juu yake mwalimu ameandika wali. Hapo sina ugomvi. Lugha inayotofautisha mpunga, mchele na wali ina utajiri wake, na sisi wa Nairobi tumeanza kuutupa bila hata kujua. Lakini minji pia imekatwa, na juu yake imeandikwa: mbaazi. Alama mbili zimeenda.

Msichana akaniuliza, "Anko, mbaazi si ni ile ya mahamri?"

Ndiyo, ni ile ya mahamri. Ni ile inayochemshwa mpaka ilainike, ikatiwa tui la nazi, ikaliwa asubuhi. Mtu aliyelelewa Majengo pale Pumwani hahitaji kufundishwa hilo. Mmea wa mbaazi ni kichaka chenye shina gumu kama mti, unaweza kumpita mtu mzima kwa urefu, na unavumilia ukame wa Makueni na Kitui mpaka mimea mingine inauonea aibu. Minji ni mmea laini unaotambaa, unaojishikilia kwenye vijiti kwa vikono vyembamba, na unapenda baridi. Wataalamu wa mimea wanauita huu Pisum sativum na ule Cajanus cajan. Hawa si ndugu wa tumbo moja. Ni watu wa ukoo mmoja mkubwa, ule unaobeba pia maharagwe, njugu karanga na hata mti wa mkwaju.

Nadhani najua kilichotokea. Mwalimu hakuwa na uhakika, akaona minji "haikai sawa", akapita kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza minji ni "peas". Akatoka na "peas" akarudi nayo kwa Kiswahili, akafikia mbaazi, kwa sababu Mwingereza alipoikuta mbaazi aliiita "pea" ya njiwa. Kunde akaiita "pea" ya ng'ombe. Ile dengu ya Kihindi nayo akaibandika "pea" nyingine. Mimea minne, jina moja. Mtoto wa Umoja aliandika neno lenye maana moja tu, lisilochanganya mtu yeyote kuanzia Kariobangi mpaka Donholm, na akasahihishwa kwa neno la mmea mwingine kabisa. Halafu tunaambiwa huko ndiko kulinda lugha.

Sio yeye peke yake. Nimewahi kukuta maandishi ya Kiswahili yanayosema Gregor Mendel, yule mtawa wa Brno ambaye kila mwanafunzi wa biolojia kidato cha nne anamjua, alifanya utafiti wake wa urithi kwa kupanda mbaazi. Mbaazi! Kwenye bustani ya watawa, Ulaya ya kati, mahali pa theluji. Mzee wa watu alipanda minji kwa maelfu, akahesabu zenye punje laini na zenye mikunjo, za kijani na za manjano, akachapisha matokeo mwaka 1866, na dunia ikakaa mpaka 1900 kabla ya kumsikiliza. Angekuwa ametegemea mbaazi tungekuwa bado tunangoja.

Sasa njoo kwa hoja kubwa ya walinzi, ile ninayosikia kila nikifungua mdomo: "Minji ni Kikuyu." Hilo silikatai. Ni Kikuyu. Kwani shule ni nini kama si Kijerumani? Meza na leso si zilishuka kwa merikebu za Wareno? Chapati ilitoka India. Kabichi na karoti tulizichukua kwa Mwingereza na hakuna mwalimu anayezikata. Hakuna mtu husema, wewe, usiseme karoti, hicho ni Kiingereza. Neno likitoka Lisbon au Berlin au London ni "mkopo", linakaribishwa ndani linapewa kiti. Likitoka Nyandarua ni "lugha ya mama imeingilia". Hii tofauti inatoka wapi? Mimi naona inatoka mahali pabaya, mahali pale tulipofundishwa kwamba cha mbali kina heshima na cha jirani ni uchafu wa kupangusa.

Na kuna sababu minji ikaitwa minji hapa. Jina hufuata gunia. Huo mmea hauwezi joto la pwani. Unataka nyanda za juu, unataka asubuhi za ukungu. Minji tunazokula Eastlands zinatoka Kinangop na kwingine Nyandarua, Molo, pande za Meru. Zinasafiri usiku kwa lori, zinashushwa Marikiti alfajiri, mtu anazibeba kwa mkokoteni au matatu mpaka Muthurwa, Mutindwa, Kayole. Aliyepanda aliziita minji. Dereva aliziita minji. Dalali, mbeba mizigo, mama anayekaa kwa stuli akizitoa maganda huku akiongea na simu begani, wote minji. Huyo mama anaweza kuwa Mluhya au Mkamba. Kikuyu hajui hata salamu. Lakini akikuambia "kikombe hamsini, minji ni za leo", hapo haongei Kikuyu. Anaongea Kiswahili, na wewe unamjibu kwa Kiswahili, na sufuria inaenda motoni.

Mbaazi nayo ilipata jina lake vivyo hivyo, kwa watu wa pwani wanaoipika, na tukaichukua bila kelele. Sijawahi kumsikia mtu wa Nairobi akidai mbaazi ibadilishwe iitwe nzuu kwa sababu Wakamba ndio wanaoilima kwa wingi. Tuliikubali. Basi na pwani ikubali minji.

Lakini ukweli ni kwamba pwani haina shida na sisi. Shida ni karatasi. Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano hapo Mombasa ulioamua kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kufikia 1939 kamusi kubwa ya Frederick Johnson ilikuwa imetoka. Sina kisa na Unguja. Kiswahili chao ni kitamu na bila hiyo kazi pengine tusingekuwa na vitabu. Ila fikiria kidogo. Unguja ni kisiwa cha joto. Minji haioti huko. Ikiliwa huko imetoka bara, kwenye baridi kama ya Lushoto. Kwa hiyo tumechukua mahali ambapo mmea haukui, tukasema hapo ndipo jina lake litaamuliwa, na wanaoulima na kuupakia na kuupika kila Jumapili wasubiri kusahihishwa. Mtanzania akisema njegere, ni sawa kabisa, hilo ni jina lake na ninalipenda. Mganda wa Kampala anasema kawo kwa Kiganda chake. Kigali ni amashaza. Hakuna anayekufa.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha. Mwalimu mmoja wa lugha aliwahi kuniambia minji haiwezi kuwa neno zuri la Kiswahili kwa sababu haijulikani ngeli yake. "Inaanza na mi-. Mti, miti. Mkate, mikate. Sasa umoja wa minji ni nini, mnji?" Akacheka sana. Nikamwambia asicheke mapema, aende aangalie historia ya hilo neno la Kiingereza analolitumia kama rula. Waingereza wa zamani walisema "pease", na hilo lilikuwa neno la umoja, kama vile sisi tunavyosema unga. Halikuwa wingi wa kitu. Lakini mwisho wake ulisikika kama wingi, watu wa kawaida wakadhani ni wingi, wakakata ule mlio wa mwisho wakajitengenezea umoja: "pea". Walikosea, kwa kipimo cha mwalimu wa siku hizo. Leo hilo kosa ndilo Kiingereza sanifu, liko kwenye kila kamusi, na ndilo limetumiwa kumnyima mpwa wangu alama mbili. Kwa hiyo watoto wa Dandora wakija kusema "mnji mmoja umeanguka chini", mimi nitawanunulia soda.

Nimeandika mpaka hapa kwa mzaha kiasi. Sasa tuache mzaha.

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, Kayole Soweto na mitaa ya karibu. Utafiti wa lishe ya watoto. Nani alikuwa analipa tuliache. Mashirika ya aina hiyo ni mengi na nia yao si mbaya. Tulipewa fomu ya Kiswahili, imetafsiriwa mahali na mtu aliyesoma. Swali moja lilikuwa linauliza kama jana, mchana au usiku, mtoto alikula chakula cha jamii ya kunde.

Ukifungua kamusi, kunde ni punje. Ni zile punje ndogo zenye jicho jeusi, na kutoka kwazo tumepata jina la ukoo mzima: maharagwe, choroko, mbaazi, zote ni jamii ya kunde. Aliyetafsiri alitafsiri vizuri. Mwalimu yeyote angempa alama zote.

Lakini nenda Mutindwa sasa hivi useme unataka kunde. Utapewa majani. Yamefungwa kwa kamba, yako katikati ya managu na terere, na mama atakuuliza kama akukatie. Nairobi kunde ni mboga. Ukitaka punje zake, wengi wanajua thoroko, ama nthooko ukiwa kwa Mkamba. (Sikiliza jinsi zinavyokaribiana na choroko, ambayo huko Tanzania ni kitu kingine tena. Hizi nafaka zina historia ndefu ya kuazimana majina.)

Nyumba ya kwanza, mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Nikasoma swali kama lilivyo. Akasema, "Kunde? Eeh, jana tulikula kunde. Kunde na ugali." Nikamuuliza, "Majani ama punje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji aliyokunywa yalikuwa ya majimaji. "Si majani. Kwani kuna zingine?"

Nyumba ya tatu, jibu ni hilohilo. Ya saba, hilohilo. Jioni nikamwambia msimamizi wetu kwamba swali linauliza kitu kimoja na watu wanajibu kingine. Akasema, "Wewe soma swali lilivyo, andika jibu ulilopewa. Tukianza kila mtu kubadilisha maswali hatutakuwa na data." Nikaandika pembeni mwa kila fomu yangu, "majani". Sijui kama kuna mtu alisoma pembeni.

Elewa maana yake. Punje kavu za kunde zina zaidi ya gramu 20 za protini kwa kila gramu 100. Majani mabichi yana kama gramu 4. Majani ni mazuri, yana madini, daktari yeyote atakuambia umpe mtoto majani. Lakini kwa hizo fomu majani yana kisanduku chake na jamii ya kunde ina chake, na hicho cha pili ndicho kinachosema kama mtoto wa nyumba isiyoonja nyama wiki nzima amepata kitu cha kumjenga mwili. Mtoto aliyekula ugali na majani anaandikwa kama aliyekula punje. Takwimu zinapendeza. Na mtu ofisini, anayeamua ni mtaa gani upewe maharagwe na unga wenye virutubisho, anaangalia Soweto anaona, aah, hawa wako sawa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, sio kwenye insha. Insha ilikuja baadaye ikachochea tu. Kwa sababu ugonjwa ni mmoja: kuna watu wameamua Kiswahili kiko kwenye kamusi, na kile kinachosemwa na watu milioni kadhaa mashariki mwa Nairobi ni kelele ya kupunguzwa.

Dengu ni mfano mwingine, na huu uko jikoni kwako. Nairobi dengu, au ndengu, ni zile punje ndogo za kijani, chapo ndengu ya kila kibanda kuanzia City Stadium mpaka Njiru. Mtanzania anaziita choroko. Mombasa utasikia pojo. Mtanzania naye akisema dengu anamaanisha punje nyingine, kubwa kidogo, za rangi ya manjano, zinazouzwa sana India. Sasa ingia duka lolote Eastleigh uangalie pakiti iliyoandikwa unga wa dengu. Ndani ya hiyo pakiti sio ndengu yako. Ni ile dengu ya Mtanzania na ya Mhindi, ndiyo inayofanya bhajia iwe na ule ukoko wa manjano. Kwa hivyo katika nyumba moja ya Buruburu, neno moja liko kwenye rafu mbili likiwa vitu viwili, na hakuna anayeshtuka. Jirani yangu mmoja alitaka kuanza biashara ya bhajia akaona unga wa dukani ni ghali. Akanunua gorogoro mbili za ndengu, akapeleka kwa mashine ya posho. Bhajia zikatoka kijani. Hazikuwa mbaya, nilikula. Lakini wateja wa steji hawakuzielewa.

Njugu je? Ile ya steji, ya kwenye karatasi iliyokunjwa, kila mtu anaijua. Lakini muulize Mkikuyu wa Embakasi aliyezaliwa Kirinyaga, nyumbani kwao njugu ni ile mbaazi yetu. Githeri ya njugu kwake haina karanga hata moja.

Unaona sasa kwa nini nasema kukata neno na kuandika lingine juu yake hakusaidii mtu? Hayo maneno yamefungana kama nyuzi. Ukivuta moja bila kuangalia unakaza fundo. Kazi ya mwalimu na ya kamusi ni kufungua, ni kusema: hapa lina maana hii, pale lina maana ile, angalia usije ukauziwa kitu usichotaka.

Na nisije nikaonekana napiga upande mmoja. Kuna kundi lingine linaloniudhi karibu sawa na walinzi. Hawa ni wale vijana wetu wa mitandaoni, na wazee wengine waliopaswa kujua zaidi, wanaosema lugha ni yetu bana, kila mtu aongee anavyotaka, mambo ya sanifu ni ukoloni. Inasikika tamu. Lakini huyo anayesema hivyo anajua njegere. Amesoma. Akienda Dar es Salaam atajipanga. Anayeumia ni mtoto ambaye hajafundishwa kwamba minji na njegere ni kitu kimoja, kwa hivyo akifungua kitabu kilichoandikwa Arusha anadhani ni mmea asioujua. Kumwachia mtoto neno moja tu na kumpigia makofi ni kumfungia Mutindwa maisha yake yote. Mimi nataka awe na yote mawili. Nataka ajue na pojo.

Tena wenye mamlaka wakitaka kusikika wanajua kabisa neno la kutumia. Gavana Charity Ngilu alipotaka wakulima wa Kitui wapande hizo punje za kijani kwa wingi, kampeni nzima ilitembea na jina ndengu. Hakuna aliyewaendea watu wa Mwingi na choroko. Kura na mbegu zikihitajika, neno la watu linatosha. Mtoto wao akiliandika kwa insha, linageuka kosa.

Hata pesa inajua. Hapo Embakasi, karibu na uwanja wa ndege, kuna maghala ambapo minji zile za kuliwa na ganda lake zinachaguliwa kwa mkono, moja moja, zinapangwa kwa vitrei, zinapanda ndege usiku kwenda Uingereza na Uholanzi. Wanaochagua ni wengi wao wanawake wa Pipeline na Tassia, wanaishi chumba kimoja kwenye zile gorofa zinazoziba jua. Kwenye lebo kila kitu ni Kiingereza. Lakini niulize dada anayetoka zamu ya usiku jana walifanya nini, atasema, "Tulikuwa na minji, mpaka saa tisa." Hilo ndilo jina la jasho lake. Mimi sitamwambia ni kosa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, na kifungu hichohicho kinaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji. Hayo mawili yamewekwa pamoja, aya moja baada ya nyingine. Sioni jinsi utakavyotimiza la pili kwa kufukuza kila neno la Kikuyu, la Kijaluo au la Kikamba linalobisha hodi kwa la kwanza. Tena kila tarehe 7 Julai tangu UNESCO ilipoitambua siku hiyo mwaka 2021, tunavaa kanga, tunasikiliza hotuba za jinsi Kiswahili kinavyokua. Kinakua wapi? Lugha hukua pale watu wanapouziana vitu.

Kwa hivyo ninachodai ni kidogo na kinawezekana wiki ijayo. Walimu wa msingi Nairobi: mtoto akiandika minji, mpe alama yake, kisha pembeni andika "pia: njegere", na umweleze kwamba mbaazi ni nyingine. Wachapishaji wa kamusi zinazouzwa Kenya: minji iingie, kwa herufi nzito kama maneno mengine, bila ile alama ya kuonyesha ni neno la mitaani, na kwenye kunde muongeze maana ya pili, majani ya mmea huo yanayopikwa kama mboga, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kwanza kwa kila mtu anayeishi mashariki mwa Nairobi. Kwenye dengu muweke zote mbili na mseme wazi ni ipi ya wapi.

Na nyinyi wa fomu, wa lishe, mnaokuja Kayole na mabegi mgongoni: msiulize tena kama mtoto amekula jamii ya kunde. Ulizeni kama amekula madondo, ndengu, minji, kamande, njahi, mbaazi. Zitajeni moja moja. Halafu mkifika kwa kunde, mwulizeni mama kama ni majani au ni punje, mngoje ajibu, muandike alichosema.